Kulipia mlio wa simu: lini kunafaa, na lini ni kuunguza salio

Kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani atakayeisikia sauti unayoilipia. Simu moja ina sauti mbili tofauti, na wengi hulipa bila kujua wamenunua ipi. Ya kwanza ni mlio. Huo unalia kwenye simu yako mtu anapokupigia, na wanaousikia ni wewe na abiria wenzako kwenye daladala. Ya pili ni mwito wa wimbo, ambao anausikia yule anayekupigia wakati akisubiri upokee. Wewe mwenyewe huusikii hata siku moja, labda ujipigie kwa simu ya jirani. Kenya mwito huo unajulikana zaidi kwa jina la Skiza, huduma ambayo Safaricom iliianzisha mwaka 2009. Tanzania kila mtandao una wake, na watu huuita tu mwito wa simu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo yote yanayofuata. Mlio ni faili lililo ndani ya simu yako, na faili unaweza kulitengeneza, kulikata, kulibadilisha na kulifuta bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwito unakaa kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na huwezi kuuweka ila kwa kupitia kwao na kwa masharti yao. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome hadi mwisho ukiutafuta: mlio usiulipie, kwa sababu kazi yake ni ya dakika kumi na simu yako inaiweza. Mwito unaweza kulipiwa, ila wanaoulipia sasa ni wengi kuliko wanaouhitaji.

Piga hesabu ya mwaka, usipige ya siku

Tangazo la mwito huja na bei ya siku, na bei ya siku haitishi mtu. Chukua mwito wa KSh 1.50 kwa siku, bei ambayo watumiaji wa Skiza wanaifahamu. Kwa mwezi wa siku 30 ni KSh 45, na kwa mwaka ni KSh 547.50. Tuchukue mfano wa shilingi za Tanzania pia: mwito wa TSh 50 kwa siku unakula TSh 18,250 kwa mwaka. Ukiwa na laini mbili, na kila moja ina wimbo wake, zidisha mara mbili. Mara nyingi kila wimbo hutozwa peke yake, kwa hiyo aliyeongeza wimbo mpya bila kuufuta wa zamani anakatwa kwa nyimbo mbili.

Mwisho wa mwaka huo huna kitu mkononi. Hakuna faili ulilobaki nalo, na siku ukiacha kulipa wimbo unaondoka. Kulipia mwito ni kupanga, na mwenye nyumba anaingia kuchukua kodi kila siku bila kubisha hodi.

Malipo ya mara moja ni jambo jingine. Marekani, kwa mfano, duka la Apple huuza mlio mmoja kwa dola 1.29 na unabaki wako. Ni ghali kwa sekunde 30 za muziki, lakini angalau deni limekwisha siku hiyohiyo. Basi swali la kwanza kwa kila tangazo ni hili: nalipa mara moja, au nimejiunga? Kama ujumbe una maneno "kila siku", "kwa wiki" au "itajirudia", umejiunga.

Kwa nini watu walilipa zamani, na kwa nini sababu ile imekufa

Walipaji wa zamani hawakuwa wajinga. Mwaka 1998 Mfini Vesa-Matti Paananen alipoanza kuuza milio ya kupakua, simu ya wakati ule haikuwa na memori kadi, haikujua MP3 ni nini, na wengi hawakuwa na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Mlio uliingia kwa ujumbe mfupi. Ukitaka kujitengenezea, Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwa na sehemu ya kutungia, na ulikaa ukibonyeza nota moja moja hadi wimbo ueleweke. Kuna waliokuwa mafundi wa kazi hiyo mitaani, na kuwalipa kulikuwa halali yao.

Kisha ikaja biashara ya kujiunga. Mwaka 2005 Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya zilijaa matangazo ya Crazy Frog, yule chura wa katuni anayenguruma kama pikipiki, na wazazi wengi waligundua kwamba mtoto aliyedhani ananunua mlio mmoja alikuwa amejiandikisha kukatwa kila wiki. Mtindo huo haujafa. Umehamia tu kwenye menyu za nyota na reli na kwenye kurasa za intaneti.

Leo hata kitochi cha bei ndogo kinapiga MP3 kutoka kwenye memori kadi. Kilichobaki kuuzwa ni wepesi peke yake: mtu mwingine ameshautafuta wimbo, ameshaukata na ameshauweka tayari. Wepesi nao una thamani, sikatai. Mzee asiyetaka kuhangaika na mafolda ana haki ya kulipa ili mambo yaishe. Ila kwake yeye, mjukuu mwenye dakika kumi ni nafuu kuliko huduma ya kila siku.

Hatua ya kwanza: jua kama tayari unakatwa

Usianze kutafuta mlio mpya kabla hujakagua salio. Jaribio rahisi hufanyika usiku. Angalia salio la kawaida kabla ya kulala. Tanzania ni *102#. Liandike. Zima data ili usichanganye mambo, usipige simu wala kutuma ujumbe, kisha angalia tena asubuhi. Salio likiwa limepungua, kuna huduma inakula. Lifanye kwa salio la fedha, kwa sababu vifurushi vina muda wake na hupungua kwa sababu nyingine.

Kama laini haina salio hata kidogo, usidhani umepona. Huduma nyingi za kujirudia husubiri. Unaweka vocha ya 1,000, unataka kupiga simu, unakuta 950. Aliyekopa muda wa maongezi ndiye anayeumia zaidi, maana anakatwa pesa ambayo ameikopa na atairudisha na ada juu.

Baada ya jaribio, fungua ujumbe uliotoka kwenye namba fupi, zile za tarakimu nne hadi sita ambazo wengi tunazifuta bila kusoma. Tafuta maneno "umejiunga", "umefanikiwa" na "kujitoa". Mara nyingi neno la kutokea lipo humohumo: tuma ONDOA, ACHA au STOP kwenda namba fulani. Kenya, kwa Skiza unapiga *811# na menyu itakuonyesha nyimbo ulizonazo na kukupa nafasi ya kuzifuta. Tanzania, ukikosa njia kwenye menyu ya mtandao wako, piga 100 huduma kwa wateja na useme hivi: "Naomba mnisomee huduma zote za ziada nilizojiunga kwenye laini hii, na mniondoe zote." Usiseme "angalia mbona salio linaisha", kwa sababu utajibiwa kuhusu vifurushi.

Kuna njia moja ya kujiunga ambayo haionekani kabisa. Baadhi ya mitandao huweka sauti kabla ya mwito: "Bonyeza nyota kunakili wimbo huu." Umempigia rafiki, simu iko shavuni, mtoto yuko begani, kitufe kimebonyezwa. Wimbo wa rafiki sasa ni wako, na makato pia.

Hatua ya pili: tengeneza mlio wako kwenye simu ya Android

Anza na wimbo wenyewe. Unahitaji faili la sauti unalolimiliki kihalali: wimbo ulioununua, ulioutumiwa na msanii, au ulioutoa kwenye diski yako ya zamani. Nyimbo ulizopakua ndani ya Spotify, Boomplay au Apple Music kwa ajili ya kusikiliza bila intaneti hazifai kwa kazi hii. Zimefungwa ndani ya programu, na ukizitafuta kwenye mafolda hutaziona kama faili la kawaida. Watu wengi hukwamia hapa na kudhani simu ni mbovu.

Kuna chanzo kingine ambacho watu hukisahau, nacho ni kinasa sauti cha simu. Rekodi sauti ya mwanao akiita "Baba, simu!", au jogoo wa nyumbani, au binamu akipiga ilimba ya Wagogo. Faili ni lako, halina hakimiliki ya mtu mwingine, na kwenye kituo cha basi hakuna mwenzako atakayechanganya simu yake na yako. Ukirekodi mtu mzima, muombe kwanza.

Ukishapata faili, likate. Baadhi ya simu zina kipengele cha kukata ndani ya kichezaji muziki chenyewe: fungua wimbo, bonyeza vidoti vitatu, utafute neno la kukata au kutengeneza mlio. Kama haipo na una kompyuta, Audacity ni programu ya bure inayofanya kazi hii vizuri kuliko nyingine nilizowahi kutumia. Chagua kipande, futa kilichobaki, hifadhi kama MP3. Ukiwa na simu peke yake, pakua programu ndogo ya kukata sauti kutoka Play Store, lakini soma kwanza sehemu ya ruhusa huko chini.

Sekunde 30 zinatosha kabisa. Simu huita kwa muda mfupi kabla ya kukatika, na kama wewe ni mtu wa kupokea haraka, hata sekunde 15 hazisikiki zote. Kuna faida nyingine pia kwa asiye na nafasi kwenye simu: wimbo wa dakika tatu wa ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde unachukua karibu MB 2.9, na kipande cha sekunde 30 hakifiki nusu MB. Hicho unaweza kumtumia mtu hata kwa kifurushi cha mwisho.

Sasa kiweke mahali pake. Hamishia kipande kwenye folda iliyoandikwa Ringtones kwenye hifadhi ya ndani ya simu. Ingia Mipangilio, kisha Sauti na mtetemo, kisha Mlio wa simu, na jina la faili lako litakuwa kwenye orodha. Kwenye simu nyingine unabonyeza alama ya kujumlisha na kulichagua mwenyewe. Maneno ya menyu hubadilika kidogo kati ya Samsung, Tecno, Infinix na wengineo, lakini njia ni ileile. Simu nyingi za laini mbili hukuruhusu kuweka mlio tofauti kwa kila laini, na nakushauri ufanye hivyo kama moja ni ya biashara. Utajua hata kabla ya kuitoa mfukoni kama anayeita ni mteja au ni shemeji.

Kwa mtu mmoja mmoja, fungua jina lake kwenye anwani, bonyeza vidoti vitatu, chagua Weka mlio wa simu. Mama apewe wake. Bosi naye apewe wake, kwa sababu tofauti.

Simu za WhatsApp hazifuati mlio huo kila mara, kwa sababu zina mpangilio wake. Ingia WhatsApp, Mipangilio, Arifa, kisha uteremke hadi sehemu ya simu na uchague mlio palepale.

Namna ya kuchagua kipande kitakachosikika

Wimbo mzuri kwenye redio unaweza kuwa mlio mbaya. Spika ya simu ni ndogo, na spika ndogo haiwezi kusukuma sauti nzito. Uzi mzito wa gitaa la besi unatetema karibu mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu inaupoteza karibu wote. Ndiyo maana kipande kinachoanza na besi na ngoma nzito husikika kama mtu anakuna meza. Tafuta sauti za juu na kavu: gitaa la solo la muziki wa dansi, fidla au ganuni ya taarabu, filimbi, marimba, sauti ya mwanamke au mtoto peke yake.

Anzia pale sauti inapoingia kwa nguvu. Nyimbo nyingi zina utangulizi mrefu wa kinanda kinachopanda polepole, na hadi kiitikio kifike simu imeshakatika. Kwa kawaida sehemu nzuri ni mstari mmoja kabla ya kiitikio, au mwanzo wa gitaa baada ya ubeti wa kwanza. Ukimaliza kukata, weka simu mfukoni au kwenye mkoba, jipigie kwa simu nyingine na utembee hatua kumi. Usipousikia, tatizo ni kipande.

Jiulize pia utakuwa wapi mlio ukiita. Kaswida au wimbo wa kwaya ni heshima nyumbani, lakini hata huo ukiita katikati ya swala au mahubiri unabaki kuwa simu iliyosahaulika kuzimwa. Wapo wanaokwepa aya za Qur'ani kama mlio kwa sababu mkono hulazimika kuikata aya katikati ili kupokea, na nadhani hoja yao ni nzito.

Kitochi na iPhone

Kwenye kitochi kazi ni fupi. Weka kipande kwenye memori kadi kwa kutumia kompyuta, au kwa kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo. Mwambie akukatie kabisa, wengi wao wanajua. Fungua kichezaji, chagua wimbo, bonyeza Chaguzi, kisha utumie kama mlio. Usiitoe kadi baadaye. Ikitoka, simu inarudi kwenye mlio wa kiwandani.

iPhone ilikuwa ngumu kwa miaka mingi, na nadhani ugumu huo ndio uliowauzia wengi milio. Njia ya bure ni GarageBand, programu ya Apple yenyewe: ingiza faili, lipunguze lisizidi sekunde 30, kisha lihamishe kama mlio. Tangu iOS 26 ya mwaka 2025 kuna njia ya mkato. Faili la MP3 au M4A lisilozidi sekunde 30 ukilifungua kwenye programu ya Faili unaweza kuchagua moja kwa moja litumike kama mlio.

Programu za milio za bure: ruhusa zipi ni za haki

Programu kama Zedge, iliyoanzia Norway mwaka 2003, hukupa milio mingi bila malipo na kujilipa kwa matangazo. Kwa anayetaka wepesi bila kulipa, hilo ni chaguo halali, ila matangazo yanakula data. Pakua milio yako kwenye Wi-Fi, kisha uiondoe programu. Mlio ukishaingia kwenye simu, huhitaji kubaki na programu hiyo.

Programu ya milio ina sababu ya kuomba kusoma faili za sauti, na kuomba kubadilisha mipangilio ya mfumo ili iweke mlio. Ukitaka mlio wa mtu mmoja mmoja, itaomba anwani. Haina sababu yoyote ya kuomba kusoma ujumbe wako, kutuma ujumbe au kusoma arifa zako. Ikiomba hayo, ifute palepale. Kuna kirusi kinachoitwa Joker ambacho kazi yake ni hiyohiyo: kukuunganisha kimyakimya na huduma za kulipia na kunasa namba ya uthibitisho inapoingia. Mwanzoni mwa 2020 Google ilieleza kwamba ilikuwa imeondoa programu 1,700 za jamii hiyo kwenye Play Store. Nyingi za programu za namna hiyo hujivika sura ya vitu vidogo visivyotiliwa shaka, picha za ukutani, vibodi, na vikaragosi.

Kurasa za intaneti nazo zina mtego wake. Ukiwa unatumia data ya laini, kampuni ya simu inajua namba yako bila wewe kuiandika, na kitufe cha kijani kilichoandikwa "Pakua sasa" kinaweza kuwa ndiyo idhini ya kukukata. Ukiwa kwenye Wi-Fi, ukurasa huohuo hulazimika kukuuliza namba, na hapo unapata nafasi ya kushtuka. Kwa hiyo unapotafuta milio, zima data ya laini na utumie Wi-Fi.

Nani alipie mwito?

Hapa sitawaambia wote waache. Mwenye duka, saluni, gereji au hoteli ndogo anaweza kuweka mwito wa tangazo lake mwenyewe pale mtandao unaporuhusu: jina la biashara, mahali ilipo, saa za kazi. Mteja anayesubiri sekunde 20 anasikia kitu cha maana, na TSh 18,250 kwa mwaka ya ule mfano wetu si bei mbaya ya matangazo. Msanii pia anafaa kuweka wimbo wake. Kiongozi wa kwaya, shehe wa kikundi cha kaswida, mgombea wa uongozi wa ushirika, wote hao wana watu wanaowapigia na ujumbe wa kupeleka.

Mtu wa kawaida anayepigiwa mara tatu kwa siku ni hesabu nyingine. Mwito hauchezi mtu anapokupigia kwa WhatsApp, na simu nyingi za familia na za walio ughaibuni siku hizi ni za huko. Hauchezi simu yako ikiwa imezimwa au haina mtandao. Atasikia kwamba mteja wa namba anayopiga hapatikani. Makato yanaendelea siku zote hizo. Gawa bei ya siku kwa idadi ya watu wanaoukuta kweli mwito huo uone kila msikilizaji anakugharimu nini.

Ubora nao ni mdogo. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde, kwa sababu ilibuniwa kubeba maneno. Muziki wenye vyombo vingi ukipita humo hutoka umekwaruzika, na mpigaji husogeza simu mbali na sikio. Ukiamua kulipa, chagua sauti moja na gitaa au kinanda. Singeli iachie kwenye sherehe.

Singeli ina tatizo jingine. Huchagui nani atakupigia wala lini. Umefiwa, watu wanapiga kukupa pole, na kila mmoja wao anapokewa na "twende kazi" kabla hujasema "asante, tumeshapoa". Hakuna anayekumbuka kufuta mwito siku ya msiba. Anayetafuta kazi naye afikirie sikio la mwajiri kabla ya kuchagua wimbo wenye matusi yaliyofichwa nusu.

Wapo wanaolipa ili kumuunga mkono msanii, na nia hiyo naiheshimu. Fahamu tu kwamba shilingi yako haiendi kwake moja kwa moja. Kodi inachukua yake, kampuni ya simu inachukua yake, na mara nyingi kuna mtoa maudhui katikati, au chama cha kukusanya mirabaha. Kama msanii anauza wimbo mwenyewe au ana tamasha, tiketi moja inaweza kumfaa kuliko mwaka mzima wa makato yako madogo. Ukipenda kufanya vyote viwili, fanya, lakini uwe umeamua.

Ukiamua kujiunga, jiunge hivi

Jiunge kwa kupiga mwenyewe menyu rasmi ya mtandao wako, usijiunge kwa kubofya kiungo ulichotumiwa. Kabla ya kukubali, soma bei na muda wake kwenye kioo. Ukipata ujumbe wa uthibitisho usiufute. Una namba ya kujitoa, na ndio ushahidi wako. Weka kumbusho kwenye kalenda ya simu baada ya siku 30 lenye maneno matatu tu: "Mwito, bado nautaka?" Unapobadilisha wimbo, futa wa zamani kwanza ndipo uweke mpya.

Ukijitoa, subiri ujumbe wa kukujulisha kwamba umetoka, kisha rudia lile jaribio la salio la usiku. Makato yakiendelea, piga 100 tena na uombe namba ya malalamiko. Iandike pamoja na tarehe, saa, kiasi kilichokatwa na jina la huduma. Kampuni isipokujibu kwa kuridhisha, peleka maelezo hayohayo kwa mamlaka ya mawasiliano, yaani TCRA, kama uko Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kama laini ni ya huko. Wote watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa kampuni yako, na namba ile ya malalamiko ndiyo jibu.